Tarakilishi Usukanini: Jinsi Simu Inavyopima Mwendo wa Baiskeli

1.0 Utangulizi

Jumamosi moja, mwenzangu mmoja na mimi tulitumwa na chama chetu kupima njia. Chama kilinuia kuwapeleka wanachama kwa baiskeli hadi shule moja ya upili ili kuwahamasisha wanafunzi wa huko kuhusu somo la Kiswahili, nao viongozi walitaka kuujua umbali ili wakadirie muda wa safari na maji ya kunywa. Mwenzangu aliendesha ile baiskeli nzito ya magurudumu ya inchi 28 ambayo Wakenya huiita Black Mamba, akiwa amefunga kipimamwendo kidogo cha sumaku. Mimi niliifunga simu yangu usukanini. Tulitoka pamoja, tukapita barabara moja, tukarejea pamoja. Kipimamwendo chake kilisoma kilomita 41.3. Simu yangu ilisoma kilomita 40.2.

Mabishano yaliyozuka yalitufikisha kwa mhadhiri wetu. Mwenzangu alishikilia kwamba gurudumu halisemi uongo. Mimi nilidai kwamba simu hutumia GPS na kwa hivyo haiwezi kukosea. Mwalimu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Hiyo GPS inaujuaje umbali? Nieleze kwa Kiswahili." Nilianza sentensi tatu, na zote zikaishia katika Kiingereza, na hata hicho Kiingereza hakikuwa na kitu ndani. "Jina mnalijua," akatuambia, "jambo lenyewe hamlijui. Nendeni mkalitafute."

Makala haya ni zao la utafutaji huo. Yananuia kufafanua namna simu ya kisasa inavyoweza kufanya kazi ya tarakilishi ya baiskeli, yaani kupima umbali, kasi na mwinuko, na kubainisha pale inapoaminika na pale inapopotosha. Hoja yetu kuu ni kwamba kila tarakimu inayoonekana kwenye kiwambo cha simu ina chimbuko lake, na kwamba kosa la tarakimu hiyo hutokana na chimbuko lilo hilo. Anayelijua chimbuko hulitambua kosa; asiyelijua huishia kubishana kama tulivyobishana sisi.

2.0 Gurudumu lenye kuhesabu

Kabla ya kuijadili simu, yafaa tuanze na kifaa ilichokuja kukirithi. Wazo la kupima njia kwa gurudumu ni la kale. Mhandisi wa Kirumi Vitruvius, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza gari lililotiwa magurudumu ya meno. Kila lilipokamilisha maili moja ya Kirumi, kijiwe kimoja kilidondoka ndani ya chombo. Msafiri alipowasili, alivihesabu vijiwe akajua alikotoka ni umbali gani. Mnamo mwaka 1895, huko Hartford nchini Marekani, Curtis Veeder alianza kuunda na kuuza kidude cha kufunga kwenye baiskeli ambacho kilisukumwa jino moja kila gurudumu lilipozunguka. Katika miaka ya 1980 vipimamwendo vya kielektroniki vilienea. Sumaku ndogo hufungwa kwenye njiti za gurudumu, na kila inapoipita swichi iliyofungwa kwenye uma wa baiskeli, mzunguko mmoja huhesabiwa.

Vifaa hivi vyote, tangu kijiwe hadi sumaku, hutumia kanuni moja: umbali ni idadi ya mizunguko mara mzingo wa gurudumu. Tuchukue gurudumu la Black Mamba. Kipenyo cha inchi 28 ni sawa na sentimita 71.1. Tukizidisha kwa 3.1416 tunapata mzingo wa sentimita 223.4. Kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko 448 hivi.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapojificha. Kipimamwendo hakiujui mzingo wa gurudumu. Mwenye baiskeli ndiye hukiambia. Ukikiambia kwamba gurudumu ni la inchi 26 ilhali ni la inchi 28, kila kilomita 100 zitasomwa kama 93 tu. Fauka ya hayo, tairi lililobeba mtu hubonyea kidogo pale linapogusa ardhi, hasa likiwa na upepo mchache, na hivyo gurudumu husogea umbali mfupi kuliko ule unaohesabiwa kutokana na maandishi ya ubavuni mwa tairi. Njia bora ni kupima ardhini. Chora alama sakafuni kwa chaki, simamisha gurudumu la mbele vali yake ikiwa chini kabisa juu ya alama hiyo, kaa kitini, kisha sogea taratibu kwa mstari mnyoofu hadi vali irudi chini. Chora alama ya pili, upime kati ya alama hizo mbili. Kosa la kipimamwendo cha sumaku, basi, huwa la aina moja: halibadiliki barabarani. Kikizidisha, huzidisha siku zote kwa uwiano ule ule, na kosa la namna hiyo husahihishika mara moja.

3.0 Simu isiyoliona gurudumu

Simu ni kifaa cha aina nyingine kabisa. Haina habari na gurudumu. Ungeibeba kichwani ukitembea kwa miguu, ingepima vivyo hivyo. Inachofanya ni kujiuliza, kila baada ya sekunde moja au zaidi, "Niko wapi?" Halafu hujumlisha umbali kati ya jibu moja na jibu linalofuata.

Jibu la swali hilo hutoka angani. GPS ni mfumo wa setilaiti za serikali ya Marekani ambazo ya kwanza yake ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Siku hizi simu nyingi husikiliza pia mifumo mingine kama vile GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya Uchina. Setilaiti za GPS huizunguka dunia zikiwa kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila moja hubeba saa ya atomu na hutangaza bila kukoma mambo mawili: iko wapi, na ni saa ngapi.

Ili kuelewa jinsi simu inavyoutumia utangazaji huo, mkumbuke mtu anayehesabu sekunde kati ya umeme wa radi na ngurumo yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo anayehesabu hadi tatu hujua kwamba radi imepiga umbali wa kilomita moja hivi. Simu nayo huhesabu namna hiyo. Hulinganisha saa iliyotajwa na setilaiti na saa ambayo mawimbi yamepokelewa. Tofauti ya nyakati hizo, ikizidishwa kwa mwendo wa mawimbi ambao ni takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, huwa ndio umbali wa setilaiti. Kutoka setilaiti iliyo utosini, mawimbi hutumia takriban 0.07 ya sekunde kutufikia.

Umbali kutoka setilaiti moja hauambii simu mahali ilipo. Huiambia tu kwamba iko mahali fulani kwenye tufe kubwa linaloizunguka setilaiti hiyo. Setilaiti ya pili hulikata tufe la kwanza, na ya tatu hubakisha nukta mbili tu, moja ikiwa mahali pasipowezekana. Hata hivyo, setilaiti ya nne inahitajika, na sababu yake ni saa. Saa ya simu si ya atomu. Ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali utakosewa kwa mita 300. Kipimo cha nne huiwezesha simu kukokotoa pia kosa la saa yake yenyewe na kuliondoa. Hata saa za angani zina mambo yake. Kama nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein inavyotabiri, hutangulia saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Lau wahandisi wasingelisahihisha hilo, kosa la mahali lingekua kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku.

Usahihi huu haukuwa mikononi mwa raia tangu awali. Kwa miaka kadhaa serikali ya Marekani iliyavuruga kimakusudi mawimbi ya matumizi ya kiraia, hata kosa likaweza kufikia mita 100. Tarehe 2 Mei 2000, kwa agizo la Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulikomeshwa. Leo, simu iliyo mahali peupe palipo wazi angani hukosea kwa takriban mita 5.

Jambo moja huwatatiza wengi. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti, haizijibu. Kwa hiyo kupima mwendo hakuhitaji salio wala data. Data husaidia tu kuharakisha upatikanaji wa mahali mwanzoni, na kuleta ramani. Ramani nazo zaweza kupakuliwa mapema, hasa zile za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao ramani zake hutengenezwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2009, kupitia mradi wa Map Kibera, vijana wa mtaa wa Kibera jijini Nairobi walizipita njia za mtaa wao wakiwa na vipokezi vya GPS na kuuchora mtaa huo katika ramani hiyo.

4.0 Njia ya mwongo ni fupi

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Methali hii yaieleza simu kwa usahihi usiotarajiwa. Simu haiijui njia; inazijua nukta za njia, na kati ya nukta moja na nyingine huchora mstari mnyoofu. Baiskeli inayokwenda kilomita 25 kwa saa husogea mita 7 hivi kila sekunde. Programu ikiandika nukta kila sekunde, kona haipotei sana. Lakini programu nyingi huwa na mpangilio wa kuokoa betri, na mpangilio huo ukiandika nukta kila baada ya sekunde 10, kutakuwa na takriban mita 70 kati ya nukta mbili. Mwendeshaji anayeteremka kutoka Iten kupitia Tambach kuelekea bonde la Kerio hupiga kona baada ya kona. Simu yake, ikiandika kwa nadra, itazikata kona hizo kana kwamba ilipaa juu ya magema. Umbali utasomeka mfupi.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Mwendeshaji anaposimama kunywa chai, simu yake haisimami. Kila sekunde hupata jibu tofauti kidogo la swali "Niko wapi?", mita mbili huku, mita tatu kule, na ikijumlisha mitetemo hiyo yote itaandika kwamba baiskeli iliyoegemezwa ukutani imesafiri. Ndiyo maana programu nyingi huwa na uwezo wa kusitisha upimaji mwendo unapokoma. Ni vyema kuuwasha.

Mahali nako huathiri. Katikati ya jiji la Nairobi, mawimbi hugonga kuta za majumba marefu kabla ya kuifikia simu. Mawimbi yaliyogonga ukuta yamesafiri njia ndefu zaidi, na simu isiyojua hilo hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Matokeo yake ni mchoro wa njia unaopita juu ya mapaa. Chini ya miti mikubwa, kwa mfano katika Msitu wa Karura ambako waendesha baiskeli huruhusiwa, majani hudhoofisha mawimbi na mchoro huyumbayumba.

Kasi, kwa bahati njema, ina chimbuko jingine. Msomaji bila shaka amewahi kusimama kando ya barabara matatu ikapita ikipiga honi mfululizo: honi husikika nyembamba gari linapokaribia, kisha ghafla huwa nzito linapokwisha kupita. Mawimbi ya setilaiti hubadilika vivyo hivyo kulingana na mwendo wa setilaiti na wa mpokezi. Simu huupima ubadilikaji huo na kupata kasi bila kutegemea nukta mbili za mahali. Ndiyo sababu kasi inayoonyeshwa kwenye barabara iliyo wazi huwa ya kuaminika hata pale ambapo mahali penyewe pamekosewa kwa mita kadhaa.

Mwinuko ndio dhaifu kuliko vyote. Setilaiti zote zinazosikika ziko juu yetu. Zile za upande wa chini zimefichwa na dunia yenyewe. Kwa kuwa hakuna kipimo kinachotoka chini kusawazisha vile vya juu, kosa la kimo aghalabu huzidi kosa la mahali. Tena, programu inapojumlisha miinuko ya safari nzima, makosa madogomadogo hujumlishwa pamoja nayo, na uwanda tambarare hugeuzwa kuwa nchi ya vilima. Baadhi ya simu zina barometa ndani yake, kifaa kinachopima kanieneo ya hewa. Karibu na usawa wa bahari, kanieneo hupungua kwa hektopaskali 1 kwa kila mita 8 hivi za kupanda. Barometa hutambua vizuri kupanda na kushuka, lakini hali ya hewa inapobadilika njiani, nayo hudanganyika.

5.0 Kuyaoanisha macho na masikio

Je, ni lazima kuchagua kati ya gurudumu na setilaiti? La hasha. Tangu kuidhinishwa kwa toleo la 4.0 la Bluetooth mwaka 2010, vihisi vidogo vinavyotumia umeme mchache mno vimeweza kuzungumza na simu bila waya. Kihisi cha kwenye kitovu cha gurudumu huhesabu mizunguko na kuituma kwa simu. Cha kwenye mkono wa pedali huhesabu mikanyago kwa dakika. Na ukanda wa kifuani hupima mapigo ya moyo. Mwenye vihisi hivi hupata umbali kutoka ardhini na ramani kutoka angani, na kimoja humsahihisha mwenziwe. Ndani ya handaki, kwa mfano, setilaiti hunyamaza lakini gurudumu huendelea kuhesabu.

Kuna tarakimu moja ambayo yafaa isomwe kwa tahadhari: kalori. Simu isiyo na kihisi cha nguvu hukisia tu kutokana na uzito uliojazwa na mwenyewe, kasi na muda. Haijui kama upepo ulikuwa usoni au mgongoni, wala kama tairi lilikuwa limelegea. Kwa hiyo anayepanga mlo wake kwa tarakimu hiyo anaijenga nyumba juu ya kisio.

6.0 Betri, mvua na mtikisiko

Kifaa cha sumaku hudumu miezi mingi kwa betri moja ndogo ya mviringo. Simu haiwezi kushindana nacho. Kinachoitafuna betri zaidi ni kiwambo kinachowaka juani kwa mwangaza wa juu, wala si kipokezi cha GPS peke yake. Anayezima kiwambo na kuiacha programu iendelee kuandika huongeza muda wa betri pakubwa. Isitoshe, simu inaweza kuwekwa kwenye mfuko wa nguo au wa begi, kwa maana kitambaa hakiyazuii mawimbi kama chuma kinavyoyazuia.

Kuchaji njiani nako si jambo geni kwetu. Mwezi Juni 2010 kampuni ya Nokia ilizindua jijini Nairobi kifaa cha kuchajia simu kwa dinamo ya baiskeli. Dinamo za kawaida za baiskeli hukusudiwa kutoa wati 3 kwa volti 6, tena kwa mkondo geu, ilhali simu huhitaji mkondo mnyoofu wa volti 5. Kwa hiyo ni lazima pawe na kigeuzi kati yake. Kuunganisha waya za dinamo moja kwa moja na simu ni kuiua simu.

Mvua ina hila yake. Kiwambo cha kugusa hutambua kidole kwa badiliko la umeme juu ya kioo, na tone la maji huleta badiliko kama hilo. Simu iliyonyeshewa huweza kusitisha upimaji au kufungua mambo ambayo hayakuombwa, hivyo ni vyema kukifunga kiwambo kabla ya mvua. Kuhusu mtikisiko, mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mitetemo ya injini za pikipiki zenye nguvu huweza kuathiri kamera za simu zake zinapofungwa usukanini. Baiskeli haina injini, lakini aendeshaye kwenye barabara ya mawe atafanya busara kutumia kishikio chenye mpira wa kupunguza mshtuko, na kufunga pia ukanda wa akiba.

7.0 Macho barabarani, siri nyumbani

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano ya Tour de France mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017, alijulikana kwa mazoea yake ya kuinamisha kichwa na kuikodolea macho tarakilishi ya usukanini. Barabara za mashindano hufungwa, zetu hazifungwi. Kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, anayeitazama simu kwa sekunde mbili husafiri takriban mita 14 bila kuiona barabara. Katika mita 14, panatosha shimo, mbuzi na matatu iliyosimama ghafla. Njia salama ni kuiagiza programu itoe sauti kila kilomita, au kuiacha simu mfukoni na kuzisoma tarakimu baada ya kufika. Kifaa kilichokusudiwa kupima safari hakifai kuwa sababu ya kuikatiza.

Hatari ya pili haionekani. Kijiwe cha Vitruvius kilihesabu maili bila kukumbuka msafiri alitoka wapi. Simu hukumbuka yote: mlango uliotokea, saa uliyoondoka na pale unapoegesha baiskeli kila siku. Mnamo Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia iliyokusanya safari za watumiaji wake. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani hiyo ilifichua njia za mazoezi za wanajeshi ndani ya kambi zao. Ikiwa jeshi lilifichuka, mwanafunzi anayepanga chumba nje ya chuo hana budi kuchukua hadhari. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini sheria haiwezi kuficha kile ambacho mtu amekianika kwa hiari. Kabla ya safari ya kwanza, funguka mpangilio wa faragha, ufiche eneo la makazi, na uamue ni nani atakayeziona safari zako.

8.0 Suala la istilahi

Wasomaji wa jarida hili watauliza: kifaa hiki tukiiteje? Hapa Kenya, kompyuta tumeiita tarakilishi, neno ambalo ndani yake tunaisikia tarakimu. Wengine walipendekeza ngamizi. Tanzania wakaendelea na kompyuta. Simu ya mkononi tuliiita rununu, na hii yenye uwezo mwingi huitwa pia simujanja. Kila jina lina ladha yake. Kwa simu inayopima baiskeli, neno simujanja laelekea kufaa kuliko waundaji walivyokusudia, kwani mjanja huwa na akili nyingi na tena huwa si wa kuaminiwa bila kuulizwa.

Hata hivyo, tajriba yetu mbele ya mhadhiri ilitufunza kwamba istilahi haikuwa tatizo letu. Maneno tuliyoyahitaji tulikuwa nayo tangu shule ya msingi: mzingo, kipenyo, mzunguko, kasi, umbali, wimbi, nukta. Neno simu lenyewe huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na leo tunaliita kwa jina hilo chombo kisicho na waya wowote wala hakuna anayetatizika. Wala Kiswahili si mgeni angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Lugha iliyotaja chombo cha angani haishindwi kueleza kile kinachofanywa na chombo cha angani. Kilichopungua ni sisi kukaa na jambo hadi litueleweke.

9.0 Hitimisho

Baada ya majuma mawili mwenzangu na mimi tulirudia safari yetu. Kwanza tulilipima gurudumu lake kwa chaki sakafuni. Yeye alikuwa ameuweka mzingo wa sentimita 223 kutokana na maandishi ya tairi. Chaki ilisema 219. Kwa hiyo kilomita zake 41.3 zilikuwa 40.6 hivi. Nami niliichunguza simu yangu nikakuta imewekwa katika mpangilio wa kuokoa betri, ikiandika nukta moja kila baada ya sekunde 10. Sote wawili tulikuwa tumekosea, yeye kwa kuzidisha na mimi kwa kupunguza. Tuliposahihisha na kuipita njia ile tena, kipimamwendo kilisoma kilomita 40.6 na simu ikasoma 40.5.

Tulimrudia mhadhiri tukamweleza yote haya kwa Kiswahili, tangu chaki hadi setilaiti ya nne. Aliniuliza maswali mawili kuhusu ile setilaiti ya nne. La kwanza nililijibu, la pili nikaenda kulitafuta. Viongozi wa chama walipewa umbali wao, na maji yakatosha.

Makala haya yanatoa wito kwa wanachama. Kila mmoja wetu hubeba mfukoni chombo kinachompa tarakimu kila dakika: hatua alizotembea, kilomita alizosafiri, muda uliosalia afike. Achague tarakimu moja tu, alitafute chimbuko lake, kisha amweleze mwenziwe kwa Kiswahili bila kukimbilia lugha nyingine. Akikwama katikati ya sentensi, asiilaumu lugha haraka. Huenda amefika mahali ambapo ujuzi wake mwenyewe umekoma, na hapo ndipo utafiti huanzia.